Simu ya mezani isiyo na waya: mkono, kitako na laini

Simu ya mezani isiyo na waya ingali na kazi katika nyumba, zahanati, maduka na ofisi ndogo za Tanzania na Kenya. Imeanza kurudi hata katika nyumba zilizokwisha kuisahau, kwa sababu waya wa shaba unaondoka, mkongo wa nyuzi za kioo unaingia, na kile kiboksi cha intaneti anachokifunga fundi ukutani mara nyingi huja na tundu la simu nyuma yake. Hata hivyo, wengi walio nayo huitumia kwa mambo mawili tu, kupiga na kupokea, na vitufe vingine hubaki kuwa mapambo. Nadhani kosa si lao. Vijitabu vya maelezo hufuata mpangilio wa menyu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kumwambia msomaji jambo la msingi: kwamba simu hii ni kazi ya pamoja ya vitu vitatu.

Kitu cha kwanza ni mkono wa simu, yaani kile unachokishika na kuzungumzia, chenye vitufe, kioo na betri zake. Cha pili ni kitako, ambacho kimechomekwa kwenye umeme na kwenye laini, na ambacho huwasiliana na mkono kwa mawimbi ya redio. Cha tatu ni laini yenyewe, pamoja na huduma zote ambazo kampuni ya simu imeziwasha au haijaziwasha upande wake. Kila jambo unalotaka kufanya liko mikononi mwa mmoja wa hawa watatu, na ukishajua ni yupi, utajua pia pa kulitafuta na nani wa kumlaumu linapogoma.

Maelezo haya yanahusu simu za mfumo wa DECT, yaani utaratibu wa mawimbi ambao mkono na kitako huutumia kuwasiliana, uliobuniwa Ulaya na kuanza kuenea miaka ya 1990, ambao ndio utakaoukuta kwenye simu za Panasonic, Gigaset na nyingi nyinginezo zinazouzwa madukani kwetu. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, lakini utaratibu haupishani sana. Zile simu za mezani zinazowekwa kadi ya simu na kupata mawimbi kutoka mnara wa mtandao ni kitu kingine kabisa, na si mambo yote haya zitakayokuwa nayo.

Zawadi kutoka Marekani

Kabla ya yote, tazama simu imetoka wapi, kwa kuwa ndugu walio ng'ambo hupenda kuleta vifaa vya namna hii. Simu ya DECT iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900, nayo inafaa kwetu. Ile iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa DECT 6.0 kwenye boksi na hutumia megahezi 1920 hadi 1930, eneo ambalo kwetu limo ndani ya masafa ya simu za mkononi za kizazi cha tatu. Simu hiyo itawaka na kuzungumzika, lakini itaingilia mawasiliano ya mnara ulio jirani, na mamlaka ya mawasiliano haiwezi kuifumbia macho. Isitoshe, adapta yake huenda imetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 hadi 240 itaungua papo hapo. Soma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa adapta kabla ya kuichomeka, namba 6.0 isikudanganye ukadhani ni toleo jipya lililo bora zaidi.

Pa kuweka kitako, na chaji ya kwanza

Kitako hukaa palipo na soketi ya umeme na tundu la laini kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wengi hukomea kufikiri. Watengenezaji hutaja umbali wa hadi mita 300 mahali pa wazi na hadi mita 50 ndani ya jengo, lakini hizo mita 50 ni za nyumba yenye kuta nyepesi. Katika nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta ni nene na zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mkono unaweza kuanza kukatakata vyumba viwili tu kutoka kitakoni. Nyumba za matofali ya saruji ni afadhali, ila zege la ghorofa lenye nondo nalo hula mawimbi. Kwa hiyo ni heri kununua waya mrefu wa laini ukakiweka kitako katikati ya nyumba, juu ya kabati au rafu, kuliko kukiacha sakafuni pembeni kwa kuwa ndipo lilipo tundu. Kiepushe na televisheni, jokofu, jiko la maikrowevu na kiboksi cha intaneti. Hatua chache tu hutosha kuondoa mikwaruzo. Ukitembea na mkono ukasikia mlio mfupi unaojirudia katikati ya mazungumzo, huo ndio mpaka wako.

Betri za mkono kwa kawaida ni mbili, za ukubwa wa AAA, za aina ya nikeli zinazochajiwa, na kila moja ina volti 1.2. Hapa naomba nisisitize. Betri za kawaida za redio au rimoti zina umbo lilelile na zitaingia bila shida, lakini hazikutengenezwa kuchajiwa. Zikikaa kwenye stendi, yaani pale mkono unapokaa kuchajiwa, zitavimba, zitavuja maji yake ya chumvichumvi na kuua simu nzima. Duka likiwa halina zinazochajiwa, subiri. Chaji ya kwanza iache kwa muda ulioandikwa kijitabuni, ambao kwa simu nyingi huwa si chini ya masaa 7, hata kama alama ya betri itaonekana kujaa mapema. Baada ya hapo mkono unaweza kurudi kwenye stendi kila unapomaliza kuzungumza. Betri zikianza kuisha baada ya maongezi ya dakika chache, usikimbilie kununua simu mpya: kwanza futa vile vibati vya chuma vilivyo chini ya mkono na kwenye stendi kwa kitambaa kikavu, maana jasho, vumbi na chumvi ya hewa ya pwani huvifanya visigusane vizuri. Isipobadilika, nunua betri mpya na uzibadilishe zote mbili kwa pamoja.

Kupiga na kupokea

Namba hupigwa kwa njia mbili. Unaweza kubonyeza kitufe cha kijani kwanza, ukasikia mlio wa laini, kisha ukaandika namba kama ilivyokuwa kwenye simu za zamani. Au ukaandika namba yote kwanza, ukaikagua kwenye kioo, ukafuta tarakimu uliyoikosea, ndipo ukabonyeza kitufe cha kijani. Njia ya pili ni bora karibu kila wakati, hasa kwa wazee ambao macho hayako haraka kama vidole.

Kinachowasumbua wengi ni namba walizozizoea kwenye simu ya mkononi. Alama ya jumlisha tunayoiweka mbele ya namba za nje haina maana kwenye laini ya mezani. Kutoka Tanzania au Kenya, mahali pa alama hiyo unaweka 000, kisha msimbo wa nchi na namba iliyobaki. Kati ya nchi zetu tatu kuna njia fupi zaidi: anayepiga Kenya kutoka Tanzania huanza na 005, anayepiga Uganda huanza na 006, na anayepiga Tanzania kutoka Kenya huanza na 007, kisha hufuata namba bila ile sifuri yake ya mwanzo. Namba za mezani za ndani ya nchi nazo zina misimbo yake, kama 022 kwa Dar es Salaam, 024 kwa Zanzibar, 020 kwa Nairobi na 041 kwa Mombasa. Unapohifadhi namba kwenye orodha ya majina, iandike pamoja na msimbo wake hata kama ni ya jirani. Haidhuru kitu, na itakusaidia siku utakapohama mkoa.

Kupokea ni kubonyeza kitufe cha kijani. Simu nyingi zina mpangilio unaoruhusu kupokea kwa kuunyanyua mkono kutoka kwenye stendi bila kubonyeza chochote, na kukata kwa kuurudisha. Ni mpangilio mzuri, lakini una kasoro yake: anayetaka kwanza kuona ni nani anayepiga atajikuta amekwisha kupokea. Wakati wa mazungumzo, vitufe vya mshale wa juu na wa chini huongeza au kupunguza sauti ya sikioni, kitufe chenye picha ya spika hukuwezesha kuzungumza ukiwa na kazi mikononi, na chenye picha ya maikrofoni iliyopigwa mstari hukufanya usisikike huku wewe ukiendelea kusikia. Usisahau kukibonyeza tena. Kitufe cha kurudia kupiga hutunza namba kadhaa za mwisho, si moja tu; ukikibonyeza simu ikiwa imetulia, utaziona zikifuatana na utachagua unayoitaka.

Namba ya mpigaji

Kuonekana kwa namba ya anayepiga ni mfano mzuri wa jambo linalodhaniwa kuwa la simu kumbe ni la laini. Kioo kinaweza kuwa kikubwa na cha rangi, lakini kampuni isipotuma namba, hakitakuwa na cha kuonesha. Simu ikiita na kioo kikaandika tu kwamba kuna simu kutoka nje, piga huduma kwa wateja uulize kama huduma hiyo imewashwa kwenye laini yako na kama ina ada. Ikiwa imewashwa na bado namba hazionekani, angalia jinsi unavyopokea. Katika laini nyingi namba hutumwa katika kimya kilichopo kati ya mlio wa kwanza na wa pili, na mwenye pupa anayenyakua simu kwenye mlio wa kwanza huikata njiani. Subiri mlio wa pili uanze, ndipo upokee.

Huduma hiyo ikifanya kazi, simu itatunza orodha ya waliopiga, na zile ambazo hazikupokelewa zitawekewa alama. Kutoka kwenye orodha hiyo unaweza kupiga moja kwa moja au kuhifadhi namba kwenye majina bila kuinakili kwenye karatasi. Ila tarehe na saa za orodha zitakuwa sahihi iwapo tu saa ya simu imewekwa sawasawa, na simu nyingi huipoteza umeme unapokatika. Unapoirudisha, kumbuka kwamba simu huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa mbili usiku ni 20:00.

Kitufe cha R

Hiki ndicho kitufe kinachoogopwa kuliko vyote, na ndicho chenye faida kubwa kwa mwenye biashara. Kazi yake ni kuikata laini kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi cha kuiarifu mitambo ya kampuni kwamba una ombi, bila kuvunja mazungumzo. Tuseme unaongea na mteja, mara unasikia mlio mfupi sikioni: kuna mwingine anapiga. Ikiwa huduma ya simu ya pili imewashwa, unamwomba mteja asubiri, unabonyeza R, na katika mitandao inayofuata utaratibu wa Ulaya unaongeza 2. Wa kwanza atawekwa pembeni na utazungumza na wa pili. Ukirudia R na 2 unarudi kwa wa kwanza. R na 3 huwaunganisha wote watatu. Baadhi ya laini hazihitaji tarakimu yoyote baada ya R, kwa hiyo waulize kampuni yako mara moja, uandike jibu kwenye kipande cha karatasi na ukibandike chini ya kitako.

Ukibonyeza R na mazungumzo yakakatika kabisa, au kusitokee lolote, tatizo mara nyingi ni muda wa ule mkato. Laini nyingine hutaka milisekunde 100, nyingine 300, nyingine 600. Muda ukizidi, mitambo huamini umeweka simu chini. Ukipungua, haioni kitu. Ndani ya menyu ya mipangilio ya laini utakuta mahali pa kubadilisha muda wa R. Jaribu mmoja mmoja na rafiki upande wa pili hadi upate unaokubali.

Kuhamishia simu kwenye namba nyingine, kwa mfano ya mkononi unapotoka, nako ni kazi ya laini. Misimbo inayotumika katika mitandao mingi ni nyota 21 nyota, namba unayotaka ipokee, kisha alama ya reli. Na kufuta ni alama ya reli 21 alama ya reli. Gharama ya simu iliyohamishwa hulipwa na mwenye laini ya mezani, jambo ambalo watu hulitambua bili inapofika.

Mkono wa pili na wa tatu

Kitako kimoja cha DECT mara nyingi hukubali hadi mikono sita, ingawa simu za bei ya chini huishia michache zaidi. Mkono uliokuja ndani ya boksi moja na kitako huwa umekwisha kusajiliwa. Ulionunuliwa peke yake lazima uusajili: unabonyeza na kushikilia kitufe kilicho kwenye kitako kwa sekunde kadhaa hadi kiitikie, kisha haraka, maana una muda mfupi tu, unaingia kwenye menyu ya mkono, unachagua kusajili na kuandika namba ya siri ya kitako, ambayo kiwandani huwekwa 0000 kwa simu nyingi. Mkono utaandika namba yake kwenye kioo, 2 au 3, na hiyo ndiyo itakayotumika kuuita.

Sasa nyumba ina simu ya ndani isiyolipiwa. Bonyeza kitufe cha INT au cha mawasiliano ya ndani, kisha namba ya mkono mwingine, na mtu aliye jikoni ataitwa bila wewe kupaza sauti. Kuhamisha simu hufanyika vivyo hivyo: unamwambia aliyepiga asubiri, unabonyeza INT na namba ya mkono wa mlengwa, unasubiri apokee, unamwarifu ni nani anayemtaka, kisha wewe unakata. Ukikata kabla hajapokea, simu itamfuata hivyohivyo, na asipopokea mara nyingi itarudi kwako. Muda wote huo aliyepiga hakusikii mnachosemezana ndani, lakini hakikisha kwanza kwamba kioo kimeonesha amewekwa pembeni kabla ya kuuliza kwa sauti iwapo mama yupo au hayupo.

Mikono ni mingi, ila laini ni ile moja. Hamwezi kupiga nje wawili kwa namba mbili tofauti kwa wakati mmoja. Kinachowezekana katika simu nyingi ni mtu wa pili kubonyeza kitufe cha kijani na kuingia kwenye mazungumzo yanayoendelea, jambo ambalo lina manufaa familia inapozungumza na ndugu aliye mbali na lina karaha wakati mwingine wowote. Menyu ya kitako ina mahali pa kulizuia, na mimi ningelizuia tangu siku ya kwanza.

Kitufe hichohicho cha kitako, ukikibonyeza kidogo bila kushikilia, huifanya mikono yote iite ili uipate ilikojificha chini ya mito ya kochi. Haifanyi kazi betri ikiwa imekwisha.

Usiku, watoto na bili

Mpangilio wa usiku huzuia mlio kati ya saa ulizozichagua, kwa mfano 23:00 hadi 06:00, wakati mwanga au kioo kikiendelea kuonesha simu inayoingia. Kuna simu zinazoruhusu majina machache yavuke kizuizi hicho. Waweke hapo walio na wagonjwa au wasafiri. Vitufe hufungwa kwa kushikilia nyota au kitufe kilichoandikwa hivyo kwenye mkono, na hufunguliwa kwa njia ileile. Katika baadhi ya simu vitufe vikifungwa hata 112 haipigiki, kwa hiyo kila mtu nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, aoneshwe namna ya kufungua. Kwa ajili ya bili, kizuizi cha kupiga kinafaa zaidi kuliko kufunga vitufe: unaandika tarakimu za mwanzo zisizoruhusiwa, kwa mfano 00, unalinda kwa namba ya siri ambayo si 0000 tena, na simu za nje ya nchi hazitatoka huku za ndani zikiendelea kama kawaida.

Umeme ukikatika

Simu ya zamani yenye waya hupata umeme wake mdogo kutoka kwenye mitambo ya kampuni kupitia waya wa shaba, ndiyo maana iliita hata mtaa mzima ukiwa gizani. Simu isiyo na waya haina bahati hiyo. Mkono una betri, lakini kitako kikikosa umeme, mkono hauna wa kuzungumza naye, na kioo kitaandika kwamba kinatafuta kitako. Nyumba yenye laini ya shaba na ifunge kigawanyio kwenye tundu la ukutani na kuacha simu moja ya waya, hata kuukuu, imechomekwa hapo. Nyumba ya mkongo haiwezi kujiokoa kwa njia hiyo kwa kuwa kiboksi cha intaneti nacho huzimika. Inahitaji kifaa cha kuhifadhi umeme kitakacholisha kiboksi na kitako kwa pamoja. Vyote viwili hutumia umeme mdogo, kwa hiyo hata kifaa cha ukubwa wa kawaida huwatosha kwa muda mzuri.

Simu hiyohiyo ya waya ndiyo kipimo cha kwanza pale laini inapokuwa na mikwaruzo au kimya. Chomoa kitako, chomeka simu ya waya mahali pake na usikilize. Ikiwa mlio ni safi, kosa liko upande wako, kwenye adapta, kitako au mkono. Zima kitako kwa dakika moja, kiwashe, na ujaribu kwa mkono mwingine kama upo. Ikiwa simu ya waya nayo ina mikwaruzo na una intaneti kwenye waya uleule wa shaba, angalia kama kile kichujio kidogo kati ya tundu na simu, kinachotenganisha sauti na intaneti, kimewekwa au kimeharibika. Kama kichujio ni kizima na mikwaruzo ipo palepale, hiyo ni kazi ya fundi wa kampuni, na umwambie kabisa kwamba umekwisha kujaribu kwa simu ya waya, asije akaanza kwa kukuuliza habari za betri.